Shimo la Ndizi na Mstari Niliokataa Ukatwe

Siku yangu ya kwanza katika kazi hii ya hadithi za kutisha niliingia ofisi ya gazeti la hadithi pale Muyinga na mikono ya grisi, maana nilikuwa nimetoka kutengeneza baiskeli. Shule niliachia darasa la nne, kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Msimamizi wa gazeti, mzee wa Kiislamu aliyeshona kanzu chumba hichohicho, alisoma hadithi yangu akiwa amesimama.

"We bwana, hapa hakubaki hata mtu mmoja?"

"Mbuzi amebaki."

"Basi mbuzi ndiye atanunua gazeti!"

Akanirudishia. Kurudishiwa ndiyo kazi yenyewe, vijana. Kuchapwa ni sikukuu. Nilileta nyingine, na nyingine, hadi akachoka yeye. Ndiye aliyenifundisha rasimu, yaani andiko la kwanza ambalo bado lina matope, na kutomtaja muuaji mapema. Kanzu zake, lakini, zilibana kwapani. Tuendelee.

Kutoka kwake nikapanda hadi Gitega. Mhariri Mkuu wa gazeti la huko alikuwa mwanamke kijana, msomi, mkarimu wa chai. Nilimpelekea hadithi ya mtu wa Buraza aliyemuua nduguye, akamfukia ndani ya shimo la kuivishia ndizi za pombe, kisha akawaita majirani wanywe. Wakasifu utamu. Mhariri aliipenda. Akanipa prufu, ile karatasi ya kukagua kabla ya mashine, na mstari wa mwisho umepigwa wino mwekundu.

"Bon, mzee, hadithi iko nzuri kabisa, mais, lakini, hii ya mwisho tunatoa. Inaamsha msomaji."

"Ndiyo kazi yake, binti yangu."

Ni ule mstari tunaofungia hadithi majumbani: Nisiishe mimi, iishe hadithi. Kwetu, ukisimulia kifo usipousema, umekiacha kifo kimekaa mkekani na watu. Bibi yangu aliusema hata akisimulia kuku aliyeliwa na kicheche.

"Waandishi wa sasa hawafanyi hivyo, mzee. Ukikataa, haitoki."

"Basi isitoke."

Nikaikunja nikaondoka. Gazeti lile nilikuwa nimelitamani miaka, msidhani sikuumia. Njia ya kurudi Muyinga niliumia kila kona, na kona ni nyingi.

Baadaye yule mhariri akanipigia simu. Alikuwa amemsimulia mama yake hadithi ile wakichambua maharage, akaishia palepale alipotaka ikatwe.

"Mama ameacha maharage! Anasema hainuki mpaka nifunge. Anauliza nimemletea maiti ya nani nyumbani."

"Ukafunga?"

"Nilifunga, mzee. Na mi nikapumua."

"Sasa utaichapaje?"

"Nzima. Tena kwa herufi zilezile, si ndogo."

Nimestaafu sasa, macho yamegoma. Vijana hunisomea hadithi zao kwenye simu, wananiuliza wafanye nini mhariri akikata. Nawaambia, akisema punguza maneno, punguza, mara nyingi ana haki. Mimi nimekatwa kurasa nzima nikashukuru. Mtishe msomaji mpaka aache maharage. Lakini wewe ndiye uliyempeleka kule shimoni, na kumtoa ni juu yako. Hapo usimruhusu mtu aguse kwa kalamu nyekundu, hata gazeti liwe la Gitega.