Onja Kwanza Wewe

Siku ile naikumbuka kwa masikio, mwanangu, maana yaliniuma kabla sijajua kuna jambo. Miaka ya hamsini ilikuwa inaelekea mwisho. Wakulima wa kahawa wa Igurwa walimchagua baba yangu mkubwa, Mzee Kaijage, aende Nairobi kuona kahawa yetu inavyopimwa ubora. Nami nikatoka kijijini kwangu Kanoni kumsindikiza, kwa kuwa nilikuwa na shule kidogo. Tulipandia ndege Entebbe.

Nilikuwa kijana wa kushuku watu. Ukinichekea, najiuliza unataka nini. Kabla ya kuruka, mhudumu wa ndege, dada mmoja wa Kizungu, alipitisha peremende ili masikio yasizibe. Baba mkubwa akala yake. Mimi nikaitia mfukoni, kwa sababu yule dada hakula kwanza. Unajua kwetu mwenye nyumba huonja rubisi kabla ya kumpa mgeni kibuyu, mgeni aone kwamba pombe ile ya ndizi ni salama. Basi nilidhani nina akili sana.

Ndege ikiwa bado inapanda, ukasikika mlio kama wa tairi linalotoka upepo. Ukungu mweupe ukajaa ndani, baridi ikatuingia. Rubani akatangaza kuwa hewa inavuja, anashuka. Baba mkubwa, ambaye kifua chake kilikuwa kibovu, akalegea kitini na midomo ikageuka rangi. Mhudumu akaja mbio na mtungi mdogo wenye kifuniko cha pua na mdomo.

"Mzee avute hewa hii, upesi!"

Nikausukuma mkono wake. "Onja kwanza wewe."

Sikuwa na hofu hata chembe, mwanangu. Nilijiona mwerevu kuliko wote mle ndani, hata nikacheka. Baadaye daktari aliniambia kwamba kukosa hewa humlevya mtu hivyo. Yule dada hakubishana. Alijiwekea kifuniko usoni, akavuta mara mbili huku akinitazama, kisha akamwekea baba mkubwa.

Tulipofika chini ya mawingu mzee akafumbua macho. Nami, mjinga, nikajisifu: "Nilikulinda, baba mkubwa. Nilimfanya aonje."

"Kwetu mgeni hadai kuonjewa," akasema taratibu. "Ukidai, umeshamwita mwenzako mchawi. Na kama uliogopa sumu, mbona hukuonja wewe kwa ajili yangu? Pua si ulikuwa nayo?"

 

Tangu hapo, kila nilipomkaribisha kibuyu alikirudisha kwangu mbele ya watu: "Onja kwanza wewe." Watu walicheka wakidhani ni utani wetu. Mimi niliona aibu kila mara, miaka yote ile.

Wiki aliyofariki nilimpelekea maji kitandani. Nikainua kikombe nionje, kama nilivyozoea. Akanishika mkono. "Leo lete tu, mwanangu." Akanywa yote, nami nikalia.

Kwa hiyo nakuambia: kushuku si dhambi, lakini ukishuku, jaribu kwa mdomo wako mwenyewe, usichezee pumzi ya mwenzako. Na siku utakayojiona mwerevu kuliko wote, jiulize kama hewa inakutosha. Mungu akujalie kifua kizima, na mtu wa kupokea maji mkononi mwako bila kukuambia uonje.