Miaka ishirini na sita ya maiki, dakika mbili za kukosea

Saa nane kasorobo mchana, Jumamosi, na bati la banda la video limechemka mpaka unaweza kukaangia yai. Ndani watu wamebanana kwenye mabenchi, kama sitini hivi, na wengine wamekaa chini mbele kabisa, shingo juu. Mzee yuko kwenye kiti chake cha plastiki pembeni ya skrini. Anazungushia maiki kipande cha mpira wa baiskeli ili isimteleze, maana mikono inatoka jasho. Mkono wa kushoto uko kwenye kitufe cha sauti, na hautoki hapo mpaka filamu iishe.

Wale wa kwenye filamu wakiongea, anapunguza sauti, anaongea yeye kwa Kiswahili. Wakipigana, anaongeza. Kazi yenyewe ndo hiyo. Ukielezwa unaona rahisi. Haya, jaribu.

Banda zima linamwita Mzee Anasema, kwa sababu kila akifungua mdomo anaanza hivyo. Anasema weka bunduki chini. Anasema nilikupenda tangu siku ya kwanza. Anasema mimi ndiye niliyemuua kaka yako. Mtaani watoto wakicheza filamu, wawili wanapigana na wa tatu anatafsiri.

Leo lakini mzee hana mzaha. Filamu ni mpya, na mwenye banda, ambaye ni kaka wa mkewe, alimwambia asubuhi bila kuzunguka: "Shemeji, watu wamelalamika mara mbili. Leo wakilalamika tena, Jumatatu naweka flashi."

Flashi ni kile kidude kidogo kama kidole. Filamu iko ndani, na mtafsiri yuko humo humo ndani, kijana fulani wa mbali aliyesharekodi sauti yake. Hali, hachoki, hadai nauli.

"Hata choo hahitaji," mzee anasema. Hacheki.

Kiingereza hakukipata shule. Shule aliishia darasa la sita. Alikuwa mfagiaji kwenye jumba la sinema mjini, anafagia maganda ya karanga kati ya viti, na filamu moja ilikuwa inaonyeshwa wiki nzima, mara tatu kwa siku.

"Mara ya kwanza huelewi kitu," anasimulia. "Mara ya tano unajua wanagombania nyumba. Mara ya kumi na tano unajua na sababu. Wiki ikiisha, mimi na yule stelingi tunaongea pamoja, yeye kule, mimi huku na ufagio."

Jumba liliuzwa. Leo ni stoo ya magodoro. Shemeji yake akanunua televisheni na deki, akafungua banda, watu wakaja, wakawa wanauliza tu, "Kasema nini? Kasema nini?" Mzee akasimama pembeni akaanza kujibu. Hiyo ni miaka ishirini na sita sasa, hakukaa chini mpaka alipoletewa hicho kiti.

Malipo si ya kutajirisha mtu. Kiingilio mia tano, na yeye anaondoka na elfu sita kwa siku yenye filamu mbili. Imesomesha watoto watatu, kwa kuungaunga. Ila ukimuuliza, hela haiji kwanza.

"Nikishika maiki, watu sitini wananyamaza. Nyumbani hata kuku hawanisikilizi."

Filamu anazozipenda ni zile za kanda. Kuna moja ya dereva wa lori anayemtafuta binti yake kwenye milima yenye theluji. Anasema ameitafsiri mara zaidi ya mia mbili. Kuna mahali yule dereva anapiga simu nyumbani, mkewe anapokea, na jamaa anashindwa kuongea. Anashika tu simu. Hapo mzee naye alikuwa ananyamaza, maiki mdomoni, banda zima linasikia anavyopumua. Watu wazima walikuwa wanatoka nje eti wamekumbuka kitu.

"Zamani stelingi alikuwa nani? Dereva. Fundi bomba. Askari aliyefukuzwa kazi na mke kamkimbia. Mtu kama wewe na mimi. Siku hizi anaruka! Mtu anaruka angani kama kunguru, mimi nimtafsiri nini?"

Akianza hapo hazimiki. Hollywood wamekuwa wavivu, anadai, wanapika chungu kile kile kila mwaka wanabadilisha kijiko. Filamu moja ina watu ishirini, na wote walishajuana kwenye filamu nyingine. "Nimwambie mtu huyu ni shemeji wa yule wa filamu ya nne? Atarudishiwa mia tano yake na nani? Na kufa! Zamani mtu akifa, amekufa, tunazika. Siku hizi unamlilia, mwakani huyo, amerudi, hata pole hasemi."

Watu wanacheka, wanamuunga mkono. Kisha wanaenda kuangalia hizo hizo mpya.

Halafu kuna lingine analisema mara nyingi, na watu hawakulitilia maanani. "Zamani mtu akiongea, kamera inamkalia usoni. Unamwona. Siku hizi giza tupu, mtu kavaa kofia la chuma, picha inarukaruka kama ina upupu. Mdomo uko wapi?"

Kwa nini mtafsiri anahitaji mdomo? Hilo anayelijua ni mkewe.

"Nilianza kuona nikimwita," mke anasimulia, anachambua mchele uani bila kuinua kichwa. "Namwita mara moja, kimya. Mara ya pili, kimya. Nikasema huyu kanuna. Nikakaa siku nzima nafikiria nimemkosea nini. Kumbe wala!"

Mwaka jana alimburuta hospitali. Nesi akamvalisha vile vya masikioni, akamwambia anyanyue mkono akisikia mlio. "Alikaa kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho," mke anasema. "Mimi niliyekaa mlangoni nilikuwa nausikia. Yeye anamtabasamia nesi."

Sikio la kulia limekwisha. La kushoto limebaki na robo. Nesi aliuliza kazi yake, akaambiwa, akauliza spika iko upande gani. Kulia, umbali wa mkono, miaka yote hiyo. Nesi akaandika. Kifaa cha kusikilizia kilitajwa bei, laki nane, wakashukuru wakarudi nyumbani.

Filamu za kanda hazikumpa shida. Anazijua kwa moyo, na pale anapoyumba, mdomo wa mtu uko pale unamkumbusha. Mpya ndo kimbembe. Ijumaa anaziangalia peke yake na hedifoni, sauti mpaka mwisho, anaokota anachookota. Kilichobaki anakitunga.

Shemeji mtu hakuambiwa. Mke ndiye alikataa. "Ni kaka yangu, namjua. Atamwonea huruma, na huruma yake ni kumwambia akapumzike. Huyu mtu akipumzika anakufa."

Kwa hiyo shemeji akawa anafikiri mzee ni mbishi tu wa mambo ya kale. Ndivyo walivyofika Jumamosi hii, bati linawaka, filamu mpya, na maiki ndiyo inayosubiri hukumu.

Nusu saa ya kwanza inaenda vizuri. Mzee yuko juu. Anamwita adui "Kichwa Ndoo" kwa sababu ya kofia lake la chuma, na jina linapokelewa kwa makofi. Wanapokimbizana kwa pikipiki anatangaza kama mpira. Mwenye banda amesimama mlangoni, mikono kifuani, na mikono inaanza kushuka.

Kisha inafika sehemu ambayo jana hakuiokota. Chumba cha giza. Binti stelingi amefungwa kwenye kiti. Kichwa Ndoo anasimama mbele yake na kuanza kuongea, na anaongea muda mrefu, dakika mbili nzima, na hakuna mdomo, kuna chuma.

Mzee anamwangalia binti. Binti analia. Basi mzee anaamua.

"Anasema, nitaichoma nyumba yenu! Anasema, mama yako atalala nje kama mbwa! Anasema, hukunijua mimi ni nani, leo utanijua!"

Kwenye skrini Kichwa Ndoo anapiga magoti. Anamfungua binti kamba. Binti anamrukia shingoni, anamkumbatia.

Kisha mtu wa benchi la nyuma: "Mzee, huyu si kasema anamchomea nyumba? Mbona anakumbatiwa?"

"Labda nyumba ilikuwa ya kupanga!" anajibu mwingine, na banda linalipuka.

Fundi simu, ambaye meza yake iko hapo nje na filamu hii alishaiona kwenye simu ya mteja, anasimama. "Jamani, huyo ni baba yake! Anamwomba msamaha! Anamwomba msamaha mtoto wake, mzee, wewe unachoma nyumba!"

Watu wanapiga mabenchi. Mmoja kalala chini anashika tumbo.

Na mzee anatabasamu. Anaona meno, anaona mabega yanatikisika, anajua banda limekolea. Anaisogeza maiki karibu, anaongeza mbwembwe. "Anasema, na petroli ninayo!"

Kicheko cha mara hii hakikuwa kizuri. Fundi simu mwenyewe alikaa.

Mwenye banda alipita katikati ya watu, akamwekea mkono begani, akashusha sauti ya televisheni mpaka sifuri. Mzee akageuka, bado anatabasamu. Ndipo alipoona nyuso.

Walienda nyuma ya banda, kwenye mapipa ya maji. Shemeji aliongea kawaida, mzee akatikisa kichwa kukubali. Shemeji akaziba mdomo wake kwa kiganja, akaongea tena. Mzee akatikisa tena kichwa kukubali.

"Nilimuuliza kama anataka nimpige kofi," shemeji anakumbuka. "Akakubali. Nikajua."

"Tangu lini, shemeji?" alimuuliza, safari hii akimtazama usoni na mdomo wazi.

"Tangu ile deki ya pili."

"Miaka sita? Dada anajua?"

"Dada yako ndo masikio yangu."

Ndani watu wanapiga mluzi wanataka filamu yao. Shemeji akaingia, akaiacha iendelee kwa Kiingereza. Hakuna aliyedai hela arudishiwe. Mzee anasema bora wangedai.

Hiyo ni wiki tatu zilizopita. Jumatatu flashi iliwekwa kama ilivyosemwa. Mzee amepewa mlango, anapokea viingilio, elfu nne kwa siku. Kiti ni kile kile, kimesogezwa hatua kumi na mbili tu. Skrini iko mgongoni kwake.

Alhamisi ya wiki ya kwanza aliomba aoneshe na kuitafsiri ile ya dereva wa lori, saa nne asubuhi, wakati banda liko tupu. Alikubaliwa. Walikuja watu watatu, na mmoja alikuja kulala. Ilipofika ile ya simu, fundi simu akapigiwa simu na mteja, akatoka. Mzee hakuomba tena.

Mkewe alienda kumsikiliza yule kijana wa kwenye flashi, akampa taarifa. "Anaongea mfululizo. Mtu akilia, anaongea. Mtu akifa, anaongea. Nikamwambia mume wangu, huyu kijana hajawahi kufiwa."

Ilimfurahisha kwa kama siku mbili. Baada ya hapo anakula kidogo, anakaa uani anatazama ukuta. Mke anasema kinachomla si flashi wala mlango, na wala si kuchekwa.

"Ni yule baba," mzee mwenyewe anaeleza. "Mtu katembea filamu nzima anatafuta nafasi ya kumwomba mtoto wake msamaha. Kaipata. Na mimi nikamchomekea petroli. Fundi simu aliwaambia kweli, nimeelezwa, ila kwenye kicheko kile nani alimsikia? Watu sitini walitoka hapa na uongo wangu. Wengine hawana simu ya kuangalia tena. Ndo hivyo, kwao yule baba ni mshenzi mpaka leo."

Wiki jana alienda kwenye meza ya fundi simu. Akamwomba amsikilizie zile dakika mbili, amwandikie neno kwa neno. Fundi alidhani ni utani. Alipomwona usoni akazima pasi ya kuunganishia nyaya, akatafuta filamu, akaandika nyuma ya boksi la chaja. Ilimchukua mchana mzima na wateja wawili walikwenda kwingine.

Boksi sasa limechanwa, limekunjwa, liko mfuko wa shati. Mzee kashayahifadhi maneno yote kichwani. Anayasema jioni uani, sauti ile ile ya banda, juu kidogo kuliko inavyotakiwa kwa sababu sauti yake mwenyewe haisikii vizuri, na jirani kashaulizia kuna nini.

"Anasema, mimi ni baba yako. Anasema, hii kofia sikuivaa kwa ajili ya vita. Niliivaa kwa sababu sikuweza kukutazama na wewe ukanitazama. Anasema, usinisamehe leo. Nipe tu ruhusa ya kukaa karibu."

Mkewe kaacha kuchambua mchele. Anasema kashayasikia mara nyingi na bado hajayazoea.

Mzee alimwomba shemeji yake dakika mbili za maiki Jumamosi, kabla flashi haijawashwa. Shemeji alifikiria, kisha akakataa, kwa upole. Watu wanalipa kuangalia filamu, alimwambia, hawalipi kusikiliza filamu ya mwezi uliopita. Wakizomea tena, nani atawanyamazisha?

Mzee hakubishana. Alikaa siku moja na hilo jibu, halafu akapata lake.

"Mlangoni si niko mimi?" anasema, anajipapasa mfuko wa shati. "Kila mtu lazima apite kwangu. Anatoa mia tano, namshika mkono, namwambia alichosema yule baba. Mmoja mmoja. Wote sitini."

Mkewe anamgusa goti ili amtazame, anamuuliza, taratibu, mdomo wazi: dakika mbili kwa kila mtu, watu sitini, si filamu itaisha wengine wako nje?

"Foleni ifike barabarani," mzee anajibu. "Wangojee."