Manjanja ya Jukwaa

Bwana yake alipokufa, kampuni haikuchelewa kuikumbuka nyumba. Jirani yetu, mama mmoja wa asili ya Kasai, aliambiwa atoke kambi ya wafanyakazi, kwa sababu mfanyakazi mpya alikuwa anangoja ufunguo. Mashine ya kiwandani ikiharibika walikuwa wanaitengeneza. Mjane hana gereji.

Sisi vijana wa parokia tukasema tutamjengea kabla ya mvula. Tukafyatua matofali kwa udongo wa kichuguu, tukayachoma, tukasimamisha kuta. Manjanja ya kuezekea tuliomba kwa wakristu, bati moja hapa, jingine pale, mengi yakiwa na matundu ya misumari ya zamani. Mimi, ambaye shule iliniacha njiani, nilijiona enjenia kabisa. Hata rangi ya mapazia nilikuwa nimeisha kuichagua.

Ndipo akatokea mkubwa wa chama wa mtaa wetu, mtu ambaye hakuwahi kushika tofali isipokuwa lile alilokalia. "Basitwayeni, wananchi wote, hii ni salongo yetu!" Salongo ilikuwa kazi ya kujitolea ya kila Jumamosi, asiyejitolea aliadhibiwa. Akatangaza sherehe ya kufungua nyumba. Na kwa kuwa jua haliruhusiwi kuchoma wageni wakubwa, akaamuru manjanja yaezeke kwanza jukwaa lao, mbele ya lupangu, kiwanja kile cha nyumba ya mama.

"Na nyumba, baba?" mama akauliza.

"Weye mama, haraka ya nini? Nyumba iko na kuta!"

Siku ya sherehe wakacheza, wakahutubu, wakakata utepe. Mgeni mmoja aliingia ndani, akatazama mbingu, akasifu hewa.

Kesho yake tulipopanda kushusha manjanja, mkubwa akaja mbio. "Acheni! Hamuone ile picha?" Picha ya Rais waliipigilia wenyewe kwenye boriti iliyobeba paa. Kubomoa paa ni kumshusha Rais, na nani atatoa ruhusa? Mkubwa akauliza wakubwa wake, nao wakauliza wakubwa wao. Wote walikuwa wanaogopa picha ile kama watoto wanavyoogopa nyoka wa mpira.

Mvula haikungoja jibu. Mama, godoro kichwani na batoto nyuma, alipita nyumba tuliyomjengea, isiyo na paa, akapanda jukwaani, akatandika palipokuwa kiti cha mgeni wa heshima.

"Mama, shuka! Hapa ni pahali pa heshima!" mkubwa akapiga kelele, abakosti yake, lile koti la wakubwa wa chama, ikichuruzika maji.

"Basi bomoa, baba. Tushuke sisi wote, na ule wa pale juu."

Mkubwa akatazama picha. Akatutazama sisi, tulivyokuwa tunauma midomo tusicheke. Akaenda zake.

Mvula ilipokatika tulibomoa kuta zetu, tofali kwa tofali, tukazijenga upya kuzunguka jukwaa. Mapazia yangu yakapata dirisha. Picha ilibaki juu ya masufuria, na kila Jumapili mama aliipangusa moshi kwa upole.

"Huyu tu," aliniambia, "njo mutu wa chama alinijengea."