Ndege wa Kipande cha Mama

Wiki iliyopita, rafiki yangu, nilikuwa nimekaa darasani hapa Kibiti na miaka yangu hamsini kasoro, miwani puani, nikijifunza ushauri nasaha pamoja na watoto ambao ningeweza kuwazaa. Mkufunzi wetu, kijana mpole mwenye sauti ya kuimbia kaswida, alikuwa anatuanzishia nadharia ya uchambuzi wa nafsi. Alisema akili ya mtu ina sebule na ina ua wa nyuma. Jambo lililokuuma sana unalitupa uani, unafunga mlango, kisha unasahau hata kwamba ulifunga. Lakini halifi. Litatafuta pa kutokea: ndotoni, au kwenye ulimi ulioteleza, au mkono wako utafanya kitu ambacho hukujua unataka kukifanya. Wenzangu waliandika haraka haraka. Mimi niliacha kuandika, maana nilisikia harufu ya mpunga mbichi.

Akatupa kazi. Kila mmoja aandike jambo la utotoni ambalo hajapata kumsimulia mtu. Mimi nikaandika habari za surua. Kurasa mbili nzima za surua, na hakuna jirani yangu asiyeijua surua ile. Basi ngoja nikusimulie wewe lile lenyewe.

Nililelewa na bibi mzaa mama, Ikwiriri. Ilikuwa miaka ile ya ruksa ya biashara, sabuni na khanga zimerudi madukani baada ya foleni za miaka, na mitumba inamwagwa chini magulioni kama mavuno ya mahindi. Kila msimu wa mpunga tulifunga nyumba, tukashuka bondeni na masufuria yetu, tukaishi dunguni hadi tuvune. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, unapanda kwa ngazi ya miti. Mto ukifurika maji yanapita chini yako, na ukikaa juu unaliona shamba lote. Kazi yetu watoto ilikuwa kuamia ndege. Toka alfajiri unavuta kamba yenye makopo, unarusha mabonge ya udongo kwa kombeo, unapiga makelele mpaka koo linakauka. Malipo yetu yalikuwa pepeta, ule mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa ukiwa bado una maziwa yake, bibi anautia nazi na chumvi kidogo. Sijala kitu kitamu kama kile tena, na nimekula hotelini.

Mwaka ninaousema, mama alipanda kipande chake mwenyewe, kile kilichopakana na dungu letu. Alikuwa ameachika, na alikuwa ameanza biashara ya mitumba. Mpunga ulipofika magotini akafunga robota lake, akavuka mto kwa pantoni pale Ndundu kwenda kusini. Aliniambia angerudi kuvuna. Nilikuwa na miaka tisa. Sikulia, na watu wakanisifu, wakasema mtoto huyu ana moyo wa kiume. Ole wake mtoto anayesifiwa kwa kutolia.

Shuleni, siku nilizokwenda, nilimwita mwalimu wetu mama mbele ya darasa zima, nikachekwa wiki nzima. Usiku nilimwota mama yuko katikati ya mto anazidi kuwa mdogo. Ndoto mbaya bibi alikuwa hataki isimuliwe. Unatema mate kushotoni mara tatu, unageukia ubavu wa pili, basi. Nilitema mate mpaka mkeka ukalowa. Mama akawa anazidi kurudi ndotoni tu, na gulio moja lilipita, na jingine.

Kisha mpunga ukaanza kubeba, na mimi nikaingiwa na usingizi. Usingizi wa ajabu. Ndege wakitua kwenye shamba la bibi, niko macho, navuta makopo kama mwendawazimu. Wakitua kwenye kipande cha mama, kope zinashuka. Nawasikia kabisa wanavyokula, ile sauti ya mpunga kupukutika, na sinyanyui mkono. Nikiulizwa nasema nililala, na naapa. Ungenichapa hadi leo ningeapa vilevile. Kipande kikaliwa kidogo kidogo, upande uliokuwa mbele ya macho yangu.

Bibi aliona. Siku tatu nadhani alikuwa ananitazama tu huku akisuka ukili. Siku ya nne alipanda ngazi, akakaa pembeni yangu, akanitania kama kawaida yake ya kuniita mke mwenzake. Nilijua fimbo inakuja. Haikuja.

"Mke mwenza, wewe huna usingizi," aliniambia. "Una hasira. Na mpunga haujakukosea kitu. Ukiwa na neno, waambie ndege."

Ndege walikuwa wametua tayari. Nilianza kwa kuwafukuza tu, zile hoo hoo za kila siku. Halafu sijui ilikuwaje, nikajikuta nawaambia wao ni waongo, wameniacha na bibi kizee, hawana hata barua, waende zao kusini na wasirudi tena. Nilipaza sauti hadi majirani wa madungu mengine wakasimama. Halafu nikalia, kilio chote nilichosifiwa kwa kutokilia. Bibi hakunibembeleza wala hakuninyamazisha. Alikuwa anasuka ukili wake, na kila nilipotulia kidogo anauliza: na nini tena?

Toka siku ile sikusinzia, lakini mpunga uliobaki kwenye kipande cha mama haukujaza hata kapu.

Na mama alirudi, rafiki yangu. Alirudi kuvuna, kama alivyosema. Amependeza, ameniletea gauni la mtumba linaloburuta chini. Akasimama mbele ya kipande chake, akauliza nani alikuwa anaamia hapa. Nilifungua mdomo. Nilitaka ajue ni mimi, nilitaka akasirike sana, aniulize kwa nini. Bibi akaniwahi.

"Mimi, mwanangu. Uzee huu, nilisinzia."

Mama akacheka, akampa pole. Siku ya tatu akavuka mto tena. Aliolewa hukohuko kusini, Lindi, na tunapigiana simu siku za Idi, tunaulizana habari za miguu na presha. Kipande kile hakukipanda tena mtu.

Sasa pale Ndundu kuna daraja, unavuka hata hujamaliza kumenya chungwa. Madungu yamebaki ya kuhesabu. Bibi alishatangulia, Mungu amrehemu, hakujua kusoma wala hakupata kusikia kwamba kuna watu wanasomea kukaa kimya pembeni ya anayelia. Nilimpenda na sikumwambia. Alidhani alinisaidia kwa ule uongo wake, na kweli alinikinga. Lakini lile neno nililokuwa tayari kulisema mbele ya mama lilirudi ndani, na limekaa humo miaka hii yote.

Mtihani nitafaulu, majina yote ya nadharia nimeyakariri. Ningeyatoa yote nipate asubuhi moja ya kukaa na bibi dunguni, nimwambie kwamba sikuwa nimelala. Alijua. Lakini nataka niseme mwenyewe, naye aniulize: na nini tena?