Mtumbwi Uliodhaniwa Jeneza

Jamani, kuna jambo nimewaficha watoto wangu, na nguvu zinaniishia.

Leo binti yangu Zaina amefunua mbao ninazojifunza kuziunga uani.

Akalia. "Baba, unajichongea jeneza? Sisi Waislamu si tunazikwa na sanda tu?"

"Ni mtumbwi, mama. Lile turubai njo tanga lake."

Akacheka na machozi yake. "Mzee wa kutetemeka hivi! Pirogi za kuvusha watu si ziko?"

"Ziko. Ila hazisimami katikati ya mto Lualaba."

"Katikati kuna nini?"

Nikaingia chumbani kuwaandikia ninyi. Bado ananingoja mlangoni. Ninyi mngemjibu nini?

Basi, nampa haya niliyoandika. Zaina, soma hapa. Tulipokimbia vita, mama yako alizama pale, hakuonekana tena. Kaburi lake unalolifagia halina mtu.