Sketi Kumi na Mbili za Kwaya

Rafiki yangu, kama ulipita dukani kwangu Rosettenville wakati wa baridi nikakujibu vibaya, nisamehe. Jengo la ng'ambo ya barabara hunizibia jua miezi yote ile, nashona kwa taa mchana. Halafu Septemba 2018 jua likavuka paa la jengo lile, likaingia hadi kwenye cherehani. Jirani yangu msusi, dada wa Kirundi, akachungulia mlangoni.

"Eish, Papa, leo unaimba! Nani amekufa akakuachia nyumba?"

Nikamwambia ni jua tu. Hakuamini.

Wewe nitakueleza. Shule niliachia darasa la nne, lakini mabwana harusi wa hapa mpaka Pretoria wanavaa suti zangu, na mafundi wenye diploma huja kuniuliza namna ya kukata kola. Ufundi huo niliupata Likasi kwa bibi yangu, kwetu tunasema kambo, mwaka aliofiwa na mume wake.

Kipupwe cha Katanga kinauma. Watu huchoma nyasi porini, moshi unatanda, jua la asubuhi linakuwa jekundu kama kaa ndani ya pasi. Kambo aliziba dirisha kwa gunia kama mtaa mzima, ila mwaka ule alijizibia na huzuni humo ndani. Alishona gizani. Bukari, ugali wa kwetu, tulikula na ndakala, dagaa wakavu, zilizopoa. Wateja wakaanza kurudisha nguo: bega limepinda, pindo limeshuka. Wakabaki wamama wa kwaya peke yao, na sketi zao nyeusi kumi na mbili.

Mama wa nyumba ya pili akaja na ushauri. "Uzee ni uzee, mama. Uza mashine, mtoto aende kwa mjomba wake huko migodini."

Kambo, ambaye hakuwahi kukosa jibu, aliinamia cherehani akaendelea kushona. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Asubuhi moja baridi ikalegea. Nikapanda kiti, nikang'oa gunia.

"Wee mtoto, unataka tufe?"

Halafu mwanga ukaiangukia sketi mapajani mwake. Akaisogeza karibu na macho.

"Huu uzi ni wa bluu."

"Ndiyo, kambo. Zote."

"Uliona?"

"Niliona."

"Ukanyamaza!"

"Nilikuogopa."

Akacheka mpaka akakohoa. Tangu msiba sikuwa nimekisikia kicheko kile. "Waogope wamama kumi na wawili wa kwaya, mimi niache. Leta wembe. Fumua."

Siku tatu tulifumua uani, migongo juani. Mshono unaoufumua hukufundisha kuliko unaoushona, maana unaona pale mkono ulipochoka. Yule mama wa nyumba ya pili alipopita tena, kambo alimwita mtaa mzima usikie: "Mashine siuzi! Wewe ukiuza mdomo wako niambie, nikushonee mfuko wa kuubebea."

Jumapili kwaya ilisimama mbele, nyeusi tupu. Kwa mjomba sikwenda.

Nyumba ile haipo tena, ilibomolewa barabara ilipopanuliwa. Mimi dirisha la duka langu siliwekei hata pazia, na baridi ije inavyotaka. Wateja wananisifu, na wana haki. Lakini yule ambaye angeigeuza kazi yangu upande wa ndani, akaniambia bila haya nirudie, amelala Likasi.