Ripoti Niliyomwandikia Kombo

Siku moja ya Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, hainitoki kichwani, mwanangu, na kila msimu mpya wa ligi unapokaribia hunirudia upya kama maumivu ya goti. Juzi ulinijia hapa Jadida, Wete, na simu yako, ukanionesha video za vijana mnaotaka kuwasajili katika klabu yenu, ukanisomea na namba zao: huyu kakimbia kiasi gani, yule kapoteza mipira mingapi. Ulipofika kwa kijana mmoja ukasema, "Huyu ameshakwisha," ukapitisha kidole, ukaenda kwa mwingine. Mimi nikanyamaza. Uliondoka ukidhani nimechoka, au naudharau mpira wenu wa siku hizi. Sikuchoka. Nilikuwa nimelisikia neno langu mwenyewe katika kinywa chako. Nakuandikia kwa sababu kwa mdomo nisingefika mwisho.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Timu yetu ilikuwa imenipeleka Unguja kusomea ukocha, wiki tatu nzima, nami nikarudi Wete na cheti, kitabu cha jalada gumu na saa ya kupimia mbio niliyoivaa shingoni hata nikienda sokoni. Usinicheke. Nilikuwa sivumiliki. Watu walianza kuniita Mwalimu kwa mzaha, mimi nikaitikia kwa dhati, na mwisho mzaha ukaisha jina likabaki. Kocha wetu mkuu alikuwa Mzee Faki, mtu wa maneno machache, aliyefundisha mpira kabla mimi sijazaliwa na hajapata kushika karatasi uwanjani. Nilimheshimu kwa mdomo. Moyoni nilimwona ni mtu wa zamani.

Ramadhani ya mwaka ule ilituletea barua kutoka klabu moja ya Dar es Salaam. Walitaka majina mawili ya vijana waende kwenye majaribio kabla ya msimu wao kuanza, na kila jina liandamane na ripoti. Atakayefaulu angesaini mkataba na kulipwa mshahara kwa kucheza. Leo jambo hilo halikushangazi. Wakati ule, hapa Pemba, mchezaji alirudi kwao na jasho lake na njaa yake, na mpira wa kulipwa tuliusikia redioni tu. Mzee Faki akasema kazi ya kuandika ripoti ni yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma.

Kila mtu alijua jina la kwanza litakuwa la nani. Kombo, winga wetu wa kushoto, alikuwa kijana wa Makoongwe, kisiwa kile kidogo mbele ya Mkoani. Kuja mazoezini alivuka kwa boti, akapanda gari Mkoani, akakata Pemba nzima kutoka kusini mpaka huku kwetu, na sikumbuki siku aliyochelewa. Alikuwa mpole, hana makuu, lakini akipata mpira pale pembeni, mabeki walianza kuitana. Baba yake alikuwa amefariki mwaka ule ule. Mama yake, Bi Mize, alibaki naye peke yake katika nyumba ambayo mvua ikinyesha, ndani na nje hakuna tofauti. Mkataba ule ungembadilishia mama yule maisha, na Kombo alilijua hilo kuliko sisi sote.

Majaribio tuliyapanga siku tatu mfululizo, kuanzia siku ya nne ya sikukuu, baada ya Alasiri. Vijana walikuja na matumbo ya pilau, wanacheka, wanavutana jezi. Kombo alikuja kimya. Kipindi cha kwanza alicheza mpira hata saa yangu nikaisahau. Kipindi cha pili miguu ikamwisha. Dakika ishirini za mwisho alikuwa anatembea, mikono kiunoni, midomo imemkauka. Siku ya pili ikawa vile vile, na ya tatu ikawa mbaya zaidi. Mimi niko pembeni, nabonyeza saa, naandika.

Sasa nisikilize hapa, kwa sababu hapa ndipo penye aibu yangu. Wakati wa mapumziko tuligawa maji na vipande vya machungwa. Kombo alipokea kikombe, akasukutua, akatema, maji yaliyobaki akajimwagia kichwani. Kipande cha chungwa alikipokea kwa adabu, akasubiri wenzake wageuke, akampa kipa. Nilimwona kwa macho yangu, siku zote tatu. Mimi, mtoto wa Pemba, niliyelelewa chuo cha Kurani, ambaye mama yangu alifunga sita, zile siku sita za sunna, kila mwaka mara tu baada ya sikukuu, nilimwona mtu anasukutua na kutema mwezi wa Mfunguo Mosi, na nikaandika kwamba ana kiburi.

Ripoti yenyewe naikumbuka neno kwa neno. "Pumzi hana. Dakika ishirini za mwisho anatembea. Ana kiburi, hata maji ya timu hanywi. Amekwisha. Simpendekezi." Nikawapendekeza vijana wengine wawili, wazuri tu, lakini hakuna aliyemfikia. Mzee Faki nilipomsomea aliniuliza kama msimu uliopita nilipata kumwona Kombo akichoka. Nikamjibu kwamba msimu uliopita umepita, na kwamba tulifundishwa kumpima mchezaji kwa hali yake ya sasa. Akatia saini. Barua ikaondoka na meli.

Kombo nilimwambia mwenyewe, pale pale kiwanjani, anafunga kamba za viatu. Hakuuliza sababu wala hakujitetea. Alisema tu, "Haya, Mwalimu. Labda haikuandikwa," akachukua mkoba wake akaenda kutafuta gari. Nilifurahi kwamba hakuleta ugomvi. Unaona nilivyokuwa.

Baada ya hapo hakuja tena mazoezini. Kwetu sisi mchezaji akiacha, hurudisha jezi kabla usajili haujafungwa, na jezi namba kumi na moja ilikuwa kwake. Zikapita siku kama kumi, nikapandwa na hasira, nikafunga safari mpaka Makoongwe kuidai. Kombo alikuwa amekwenda kuvua. Nilimkuta Bi Mize barazani anasuka ukili, akanikaribisha kwa furaha iliyonishangaza, akanitandikia mkeka, akaniletea muhogo wa nazi na samaki. Nilikuwa na njaa, nikala. Naye akawa anazungumza huku mikono yake inasuka.

Akanieleza kwamba sasa anashukuru mwanawe anakula, maana ile wiki ya sikukuu alimwonea huruma. Kombo alikuwa akitoka pale na sita yake, anakwenda Wete kucheza, Magharibi inamkuta ndani ya gari, anafuturu kwa tende moja tu. Bi Mize alimsihi aahirishe, majaribio yapite kwanza, kwani mwezi ulikuwa bado mpana na sita haina lazima ya siku zile. Kombo alikataa. Tangu utoto wake alikuwa akiianza sita na baba yake siku ya pili ya sikukuu, na huu ulikuwa mwaka wa kwanza baba hayupo. Alimwambia mama yake hataki kuvunja ada ya baba yake mwaka ule wa kwanza tu. Akamkataza pia asimwambie mtu, kwa sababu ile ni sunna baina yake na Mola wake, na akiitangaza itakuwa amefunga kwa ajili ya watu.

Nikalirudisha tonge sahanini. Bi Mize hakuona kitu, aliendelea na ukili wake, kisha akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyekuwa na swali hilo tangu nilipofika.

"Hebu n'ambie weye, Mwalimu, maana yeye nikimuuliza anasema bado. Hao wa Dar watamwita lini?"

Mtoto wa watu hakumwambia. Alikuwa amebeba lile neno langu peke yake, siku kumi, ili mama yake asiumie. Nami nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, pale pale, mkono wangu bado una nazi ya chakula chake. Nikamwambia, "Bado, mama. Wataita." Nikanawa, nikaaga, nikaondoka bila jezi na bila kumngoja Kombo arudi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Faki. Nilimkuta kibarazani kwake anasubiri Isha, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulimwona hanywi?" akaniuliza.

"Nilimwona."

"Siku tatu?"

"Siku tatu."

"Ukashindwa kumuuliza ntu neno moja, Kombo una nini?" Akajifuta uso kwa kiganja. "Na mie nkatia saini. Nlijua kuna kitu, nkaona haya kuonekana sijui mambo ya kisasa. Sasa kaandike barua nyingine. Iandike leo, meli ya kesho iondoke nayo."

Laiti ningeiandika. Nilikaa na karatasi, kalamu mkononi, na kila nilipoanza nilijiona mbele ya watu wa Dar: kocha mwenye cheti, aliyeshindwa kumtambua mtu aliyefunga, tena kwao, kwenye kisiwa cha watu wanaofunga. Niliogopa wataniona mshamba. Niliogopa ripoti zangu zote hawataziamini tena. Nikajiambia nitaiandika kesho nikiwa nimetulia. Meli ya kwanza ikaondoka, na ya pili, na ya tatu. Mzee Faki aliniuliza mara moja, nikamwambia tayari. Siku ya sita nikaandika maneno ya kujificha, kwamba huenda katika tathmini ya winga wetu tuliharakisha kidogo. Majibu yalikuja mafupi na ya heshima. Walishukuru, nafasi zimejaa.

Labda hata ningeandika siku ile ile zingekuwa zimejaa. Sijui. Miaka thelathini na kitu sasa, sijui, na hakuna wa kuniambia.

Kombo hakucheza tena. Msimu ulianza, tukamaliza wa pili kutoka mwisho, na watu wakamlaumu kila mtu isipokuwa mimi. Jezi aliirudisha kwa mkono wa mtu wa gari, imefuliwa na kukunjwa. Mimi nikaendelea kuitwa Mwalimu, nikafundisha timu hii na ile, nikapewa hata vyeti vya shukrani, ambavyo umeviona ukutani ukavisifu. Mwenyewe sivitazami.

Nilikutana naye miaka mingi baadaye, sokoni Mkoani, anauza pweza. Alikuwa amenenepa kidogo, mvi zimeanza, na aliponiona akanisalimu kwa jina lile lile la Mwalimu, bila chuki. Nikamvuta kando nikamwambia yote: ripoti, kiburi nilichomsingizia, barua niliyoichelewesha, na uongo niliomwambia mama yake juu ya mkeka wake. Nikamwomba radhi. Nililia, nisikufiche, mbele ya wachuuzi.

Alinisikiliza huku anapangapanga pweza wake.

"Mie nshakusamehe zamani," akasema. "Ntu hukosea. Lakini mama alishika lile neno lako. Mimi nlipokuja kumwambia kweli hakunisadiki, akasema Mwalimu mwenyewe kanambia wataita. Kafa akiuliza. Kwa huyo, sina la kukusaidia."

Akaja mteja, akamgeukia. Nikaondoka.

Basi, mwanangu, nasaha yangu kwako ni hii, na naiandika wazi usije ukasema mzee alizunguka. Namba zako ni nzuri, zichukue. Lakini kabla hujalikata jina la kijana, nenda kakae naye, muulize hali yake na hali ya kwao, na ukiona jambo usilolielewa liulize siku ile ile usiyolielewa. Kijana wa kwetu hatakwambia mwenyewe. Atafunga na atanyamaza, atauguza na atanyamaza, atakuja uwanjani hajala kwa sababu kwao hakukupikwa, na atapokea kipande cha chungwa kwa adabu. Hilo neno "amekwisha" lifute katika daftari lako. Andika alivyocheza siku ile uliyomwona, na siku uliyomwona tu, kwani zaidi ya hapo hujui kitu.

Kukosea utakosea, kazi hii haina asiyekosea. Ukijua umekosea, usilale juu yake. Piga simu, andika, nenda kwa miguu, sema nilikosea kwa maneno hayo hayo bila kuyapaka sukari. Mimi kosa la uwanjani Mungu huenda kanisamehe, nilikuwa mjinga. Zile siku sita za karatasi na kalamu sikuwa mjinga. Nilikuwa najua, nikajipenda mwenyewe kuliko Kombo. Ndizo zinazonitisha ninapofikiria kuulizwa na Mola.

Mungu akubariki katika kazi yako, akupe macho ya kuona na ulimi usioona haya kuuliza, awape vijana wako riziki yao uwanjani na nje ya uwanja. Na akuepushe na siku ya kula chakula cha mama wa mchezaji, juu ya mkeka wake, akuulize mwanawe ataitwa lini, na wewe unajua.